Kama Siku Ile Ulikuwa Safarini

…safarini, ndiyo, angejibu tu kwamba alikuwa safarini na mambo yangekwisha, neno moja, wala halina uzito mdomoni, na Tobiko angelichukua neno hilo kesho alfajiri akapanda nalo mpaka Nainokanoka, kule juu hifadhini, akampa Metui, na Metui angeitikia, ahaa, si niliwaambia mwalimu hakuwepo… lakini Tobiko ameuliza pale nje kwenye pipa la maji, wananawa uso, ameuliza polepole kama mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Mwalimu Valeriani, Metui anakusalimia sana, ameniambia nikuulize kama siku ile ulikuwa safarini," na kabla Valeriani hajapata la kusema kengele ikagongwa, makatekista wote wakaingia ukumbini, na sasa wamekaa benchi moja, bega kwa bega, shuka la Tobiko linamgusa mkono, linanukia moshi na maziwa, na Tobiko hakulirudia swali, ametulia zake anamsikiliza Piusi, na Piusi mbele pale anasema, "jambo la pili, ndugu zangu, ni ushirikiano," Piusi huyu kwa kupenda kusema, mpe kipande cha chaki tu uone, na ubaoni nyuma yake Baba Paroko ameandika kwa mkono wake, Viongozi wa Kikristo na Umoja wa Jumuiya, Karatu, Agosti 1984, na chini yake majina ya watakaotoa taarifa, Piusi wa kwanza, Valeriani wa pili, na jina la Valeriani limepigiwa mstari, kwa sababu asubuhi Baba Paroko alishatangaza kwamba kigango cha Valeriani ni mfano kwa parokia nzima, kule mpakani mashamba yanapoishia na msitu wa hifadhi unapoanza, Wairaqw na Wamasai kanisa moja, "atatueleza mwenyewe walifanyaje," walifanyaje! loo, walifanyaje… na karatasi iko mfukoni mwa koti, kurasa mbili, ameiandika kwa wino, ina kichwa cha habari na ina aya tatu za Maandiko, na kwenye kigango chake leo hii hakuna Mmasai hata mmoja.

Wamehama kwa ajili ya malisho, ndivyo alivyoandika kwenye taarifa ya mwaka wa themanini na moja, na nani angebisha, Mmasai akihama ukisema malisho kila mtu anaitikia, familia saba, wakubwa kwa wadogo watu arobaini na wawili, wamebomoa maboma yao wiki tatu tu baada ya… wiki tatu baada ya siku ile… na Baba Paroko huyu ni mgeni, ana miezi minne parokiani, amezikuta taarifa za zamani kabatini akasoma jinsi kanisa la mpakani lilivyojengwa, na kweli lilijengwa hivyo, hapo hakuna uongo, wanaume wa Kiiraqw walikata nguzo na ukuta wa mashariki wakaukandika akina mama wa Kimasai, maana kwao kujenga nyumba ni kazi ya mama na mikono yao inajua samadi na udongo vichanganywe vipi, na Germana wake akasema na mimi nifundisheni, akakaa siku nne na Nanyokie, mke wa Metui, wanakandika ukuta mmoja, hawana maneno kumi ya pamoja, wanacheka tu, Germana akirudi nyumbani ana samadi mpaka kwenye nyusi, na mama yake Valeriani, bibi Lusia, anaguna jikoni, haya, mke wa mwalimu leo ananuka zizi… ukuta ule mpaka sasa haujapasuka, ule wa magharibi waliokandika wenyewe umeshapasuka mara mbili… na Jumapili ikifika Valeriani anasoma Injili kwa Kiswahili, anafafanua kwa Kiiraqw, halafu ananyamaza, na Metui anasimama na fimbo yake anayageuza kwa Kimaa, Metui ambaye Kiswahili alikiokota kwenye ulinzi wa shamba la kahawa kule Oldeani, sauti nzito, haharakishi, na wazee wa Kimasai wanacheka mahali ambapo Valeriani hakusema cha kuchekesha, "Metui, umewaambia nini tena?" na Metui anajibu, "Nimewaambia ulichosema, mwalimu, nimetia utamu kidogo tu"… na mpaka leo, miaka mitatu, Valeriani akimaliza sentensi kanisani ananyamaza, hawezi kujizuia, mdomo wenyewe unangoja, watu wote wanakaa kimya muda ule ule wa mtu mmoja kusema, na wanamsifu, mwalimu wetu anahubiri kwa kituo, anatupa nafasi ya kutafakari, jamani, hatafakarishi mtu, anamngoja Metui.

"Bila ushirikiano," anasema Piusi, "jumuiya inabaki jina tu," na Baba Paroko anaandika kitu kwenye daftari lake, na huko jikoni masista wanasonga ugali wa yanga, harufu imeshafika, mahindi ya njano ya msaada, tumbo linanguruma kwa njaa bila aibu yoyote, na Tobiko anakohoa, kikohozi kidogo tu, lakini Valeriani anashtuka, kwa sababu siku ile hata yeye alikuwa na kikohozi, kilikuwa kooni kabisa, na akakizuia… mwezi wa tatu, masika, mvua iliwatoa shambani kabla ya saa sita, majembe matatu wakayaegemeza ukutani pale mlangoni, yamejaa tope bichi, moto jikoni unafuka, na habari walishazipata tangu asubuhi, kwamba Nanyokie amejifungua kabla ya miezi yake, mtoto ameishi siku mbili, alfajiri amekufa, na kwa Wairaqw kifo cha namna hiyo kinaleta metimani, nyumba iliyofiwa hivyo inakaa peke yake, watu hawaigusi, hamgawani moto wala maji, mifugo haichungwi pamoja, miezi na miezi, na anayekatazwa zaidi kuisogelea ni mama mwenye mimba, na Germana alikuwa na mimba ya miezi saba baada ya kupoteza mbili… na nani alisimama kanisani Kwaresima ile ile akasema mambo ya metimani yamekwisha? Valeriani. Nani alisema Kristo aligusa jeneza pale Naini na sisi tutagusa, mlango wangu uko wazi, mwenye msiba aje kwangu kwanza? Valeriani, kwa sauti, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akanyamaza, na Metui akayageuza kwa Kimaa, aje kwangu kwanza, Metui aliyapitisha maneno yale kinywani mwake mwenyewe, sasa siku ya msiba wake angekwenda kwa nani? Na wazee wake walishamkataza, wakamwambia mtoto mchanga hachimbiwi kaburi, apelekwe porini kama ilivyokuwa siku zote, naye akawaambia hapana, mwalimu ametufundisha, mtoto huyu atazikwa na ataombewa, akawaacha wananung'unika akashuka kuja kuomba jembe, maana wafugaji wale jembe hawakuwa nalo hata moja.

Hodi, mwalimu. Alipiga hodi mara tatu pale kwenye ua. "Naomba jembe tu, mwalimu, nitalirudisha, na uje utuombee," na mvua inamnyeshea, Valeriani anamwona kwa ufa wa dirisha, shuka limemgandia mwilini, na ndani mama yake amemshika Germana mkono kwa nguvu, ananong'ona, "Jembe hilo likishagusa kaburi lile halirudi humu, na wewe ukienda usirudi, unataka na hii itoke? Unataka?" na Germana hakusema lolote, hilo lazima alikumbuke vizuri, asije kumsingizia mke wake, Germana alishika tumbo akamtazama tu, anamngoja mume wake aseme, na mume wake akasema, "Tunyamaze." Ni yeye aliyesema. Si bibi Lusia. Mwalimu Valeriani, katekista wa miaka kumi na moja, mwenye cheti ukutani… "jambo la tatu," anasema Piusi, "ni upendo," eh, endelea, Piusi, endelea tu, chukua muda wako… na Metui akasimama kidogo, akainama, akang'oa nyasi, akazishika kifuani, halafu akazichomeka kwenye ua pale langoni na akaondoka taratibu, na Valeriani anajua nyasi ni nini, Metui mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwamba Mmasai akishika nyasi anaomba amani, hata kama mmegombana vipi unamsikiliza, na Valeriani akalipenda jambo hilo, akalihubiri Pasaka nzima, nyasi za amani, amani ya Kristo… na mvua ilipokatika alitoka, akatafuta fimbo, akazichokoa nyasi zile asizishike kwa mkono, akazisukuma mpaka mtaroni maji yakazichukua, eti Germana asije akazigusa, na Germana alikuwa amesimama mlangoni anamwona. Hawajawahi kulizungumza.

Alichimba kwa sime. Walisikia jioni, kwamba Metui amechimba kwa sime na kwa vidole vyake, akamzika mtoto, akasali Baba Yetu kwa Kimaa peke yake, wazee wake wamesimama mbali wamempa mgongo, na Valeriani akajiambia kesho nitakwenda, kesho Germana akaumwa kiuno, kesho kutwa kukawa na mkutano wa kijiji, na hivyo hivyo mpaka wiki tatu zikaisha na maboma yakawa majivu na miiba tu… na lililomvunja zaidi si hilo, ni Clemensi, mwenyekiti wa baraza la walei, mtu mpole yule, walikuwa wanakoboa mahindi mwaka uliofuata akamwambia bila hata kumlaumu, "Mimi siku ile nilikuwa nimeshaweka jembe begani, mwalimu, nikafika kwenye ua, nikatazama kwako, nikaona mlango umefungwa, nikasema mwalimu ana sababu yake, nikalirudisha ndani," na si Clemensi peke yake, nyumba nne za jirani zote zilikuwa zinachungulia, kila moja na hofu yake, kila moja inamngoja mtu mmoja tu atoke na jembe ili nao watoke, na mtu huyo alikuwa amejificha nyuma ya dirisha anazuia kikohozi, ee Mungu wangu, umoja wa kigango kizima ulikuwa umeegemea ukutani pale mlangoni kwake, una tope, hatua tatu tu… na Cresensia akazaliwa mwezi wa tano, mzima, analia kwa nguvu, ana miaka mitatu sasa, juzi amepanda mgongoni kwa baba yake akiwa anaiandika hii taarifa, akamwaga uji kwenye ukurasa wa kwanza ikabidi aanze upya, na kila mara mtoto akicheka bibi Lusia anamtazama mwanawe anasema neno moja, "Unaona?" na Valeriani anaona, anampenda mtoto huyu mpaka anaogopa, na kama mvua ile ingenyesha leo, Germana na mimba ile ile, angefungua? Hajui. Miaka mitatu anajiuliza na hajui, na hilo linamuuma kuliko dhambi yenyewe, maana atatubu vipi kitu ambacho hana hakika asingekirudia?

Na Metui anajua. Hebu asijidanganye, Metui aliuona moshi, aliyaona majembe yanadondosha tope, mtu aliyekuwa mlinzi miaka sita atashindwa kujua nyumba yenye watu? Anajua, na bado ameuliza kama mwalimu alikuwa safarini, tena Tobiko pale kwenye pipa alisema na neno jingine, alilisema huku anajifuta uso, "Kule kwetu ndivyo anavyowaambia watu, kwamba mwalimu hakuwepo, ndiyo maana wale waliohama kutoka kwenu bado wanakuja kusali," na Valeriani hakulitia maanani wakati ule, sasa ndiyo linamfikia, miaka mitatu Metui anakaa na watu waliohama kwa hasira, watu wanaosema wakulima wale walituona uchafu, kanisa lao ni la kwao, na Metui anawajibu hapana, mwalimu alikuwa safarini, angekuwepo angefungua, mtu asiye na cheti wala posho, aliyezika mwanawe kwa sime, ndiye anayelishikilia kanisa kwa uongo mmoja ambao hakuusema kwa faida yake, na asubuhi hii amemtuma Tobiko autafutie uongo wake shahidi, au amemtuma aone kama mwalimu atasema kweli, lipi kati ya hayo mawili? Na akisema kweli, je, si atawavunja na wale waliobaki? Wataambiwa alikuwemo ndani, alikuwa anatazama kwa ufa, wataacha kusali, na dhambi itakuwa mbili… hapo ndipo shetani anapokuwa mjanja, anakuja na sura ya huruma, linda umoja, mwalimu, usiwakwaze wadogo, sema safarini… lakini jamani, ni umoja gani huo ambao Metui anaubeba peke yake mgongoni kila akiulizwa, na usiku analala kando ya Nanyokie, na Nanyokie anauliza, lazima anauliza, mwanamke aliyekaa siku nne na Germana ukuta mmoja, anauliza rafiki yangu naye alikuwa safarini? Wote? Hata bibi? Na Metui anamjibu nini?

"Nikimalizia jambo la tatu," anasema Piusi, na hamalizii, amegeuka anaandika upendo ubaoni kwa herufi kubwa, chaki inakwaruza, Baba Paroko anatazama saa yake halafu anamtazama Valeriani, anamtabasamia, jiandae, na mkono wa Valeriani unakwenda mfukoni, unaikuta karatasi, imekunjwa mara nne, na vidole havitaki kuitoa, vinaiacha humo humo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anapumua mpaka chini… hataisoma. Atasimama aseme Baba Paroko, ndugu zangu, kwangu hakuna umoja wa kuwafundisha, kulikuwa na umoja na mimi niliufungia mlango, majirani wakatazama mlango wangu nao wakafunga yao, na kama mnataka kujua kiongozi anafanya nini, basi ni hilo, watu wanatazama mlango wake, halafu akae. Kama watamvua ukatekista wamvue. Germana atalia, bibi Lusia atasema mwanangu amerogwa. Na Tobiko asitumwe na jibu, hapana, jibu la namna hii halibebwi na mtu mwingine, kesho atapanda naye mpaka Nainokanoka, kwa miguu kama hakuna gari la kuwapakia, kule juu kulima ni marufuku, jembe halina kazi tena huko, angekwenda nalo la nini, atakwenda mikono mitupu, kwanza atapita nyasini ang'oe zake… na hatamwita Metui pembeni, ataomba na Nanyokie aje, kwa sababu mtoto alikuwa wake na swali ni lake, ila Nanyokie Kiswahili hakijui, na Valeriani Kimaa hakijui, anaona sasa itakavyokuwa, itabidi Metui asimame na fimbo yake kama zamani… Piusi bado anaandika, shuka la Tobiko bado linamgusa mkono, ugali bado haujaiva… itabidi aseme, Nanyokie, mama, sikuwa safarini, nilikuwemo ndani, nilimsikia mumeo akipiga hodi mara tatu, nyasi zake nilizitupa kwa fimbo, kisha atanyamaza, atangoja, na Metui atayapitisha maneno hayo kinywani mwake, amwambie mke wake kwa Kimaa, na safari hii, Metui, ndugu yangu, tafadhali, usitie utamu.